Kabla ya kusawazisha flanji ya choo: mambo ya kuzingatia

Choo cha kukaa kikianza kucheza, lawama humwangukia fundi aliyekaza nati. Mara nyingi kosa lilishafanyika siku nyingi nyuma, kabla hata kigae cha kwanza hakijalazwa. Flanji, ile pete inayokaa kwenye mdomo wa bomba la inchi 4 na kushika boliti za choo, inatakiwa ilale juu ya sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae. Zege unaloliona leo si kipimo.

Kwa hiyo chukua kigae kimoja utakachotumia, upime unene wake. Kigae cha milimita 9 na gundi ya milimita 5 ni milimita 14. Ukilaza vigae vipya juu ya vya zamani, flanji ya zamani itabaki shimoni, basi nunua mapema pete ya kuiinulia. Wapo wanaobandika pete mbili za nta, ile inayoziba kati ya choo na flanji, ili kujaza pengo hilo. Mimi siikubali njia hiyo: nta huteleza, maji machafu yakaingia chini ya vigae, na utajua tu harufu ikishazoea nyumba.

Pima pia kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Vyoo vingi huhitaji milimita 305, lakini vipo vya umbali mwingine, na kipimo huanzia usoni mwa kigae cha ukuta, si kwenye plasta.

Kinachosumbua zaidi bafu zetu ni mteremko. Tunaoga humo humo chooni, hivyo sakafu lazima iinamie tundu la maji. Ikishuka sentimeta 1.5 kwa kila mita, choo chenye kitako cha nusu mita kitainama karibu milimita 8, na hapo ndipo kinapoanza kucheza. Kubaliana na fundi vigae kabla hajachanganya gundi: eneo la choo lilale sawa, mteremko uanzie mbele yake. Weka pima maji juu ya flanji, mbele kwenda nyuma, kisha kushoto kwenda kulia. Kiputo kikae katikati mara zote mbili.

Familia iwe na choo kingine kwa siku kadhaa. Funga koki, vuta maji, kausha yaliyobaki kwa tambara. Ukishang'oa choo, ziba bomba kwa tambara ndani ya mfuko, ulifunge kamba ndefu inayoning'inia nje. Bila kamba tambara huzama, na hapo utafukua chemba.

Vigae vikishika, kalisha choo kwanza bila nta. Kikicheza, rekebisha sasa, kwani nta ikishagandamizwa haitumiki tena. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, kauri isipasuke. Usikizungushie simenti, ukarabati ujao utakulazimu kukivunja. Tumia silikoni, uache upenyo mdogo nyuma, kisha mimina ndoo nzima ya maji chooni na upitishe karatasi kavu kwenye upenyo huo: ikilowa, panavuja.