Kabla ya kulala hemani Gombe kwa mara ya kwanza

Ukitaja kambi, watu hukimbilia kuuliza bei ya hema. Kwa anayekwenda Gombe, swali la kwanza ni boti. Hifadhi hii ya sokwe iliyo kaskazini mwa mji wa Kigoma haifikiki kwa gari. Njia ni Ziwa Tanganyika. Wengi huondokea mwalo wa Kibirizi, ama kwa boti ya kukodi ama kwa ile ya abiria inayosimama kijiji baada ya kijiji. Ya abiria ni nafuu, ila ratiba yake haiaminiki kama ya basi. Nenda mwaloni siku moja kabla, uulize inaondoka lini na inarudi lini. Ulizia pia jaketi la kuokolea, na usione haya. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini huliamsha ghafla.

Nguo, unga na simu vitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu mawimbi huingia hadi ndani ya boti. Mifuko ya rambo usiifikirie: imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Hema lisimamishe kwanza uani kwako. Lala humo usiku mmoja, na kabla ya hapo limwagie ndoo mbili za maji uone linavuja wapi. Kigingi kinachoshika vizuri kwenye udongo wa nyumbani hung'oka kirahisi kwenye mchanga wa ufukweni, kwa hiyo beba viroba vitupu vinne. Ukifika unavijaza mchanga na kuvifunga kwenye kamba za hema. Mahali pa kulisimamisha utaonyeshwa na askari wa hifadhi, si pa kujichagulia.

Sasa chakula, na hapa ndipo wageni wanapoaibika. Nyani wa Gombe hawaogopi watu. Mimi niliweka mkate juu ya jiwe, nikainama kuwasha jiko, nilipoinuka mkate ulikuwa juu ya mti na mwenyewe ananitazama huku akila. Usile nje wakiwa karibu, wala usiache hata ganda la ndizi hemani. Zipu kwao si kitu. Kuni za hifadhi hazikatwi, hivyo chukua jiko dogo la gesi.

Afya ina pande mbili. Upande wako: chandarua, dawa zako za kila siku, maji ya kunywa, na tochi yenye betri za akiba. Upande wa sokwe: ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari. Magonjwa yetu huwapata, na mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliua na kulemaza baadhi ya sokwe wa hapo hapo Gombe. Hata ukiwa mzima, kaa mbali nao kama mwongozaji anavyokuelekeza.

Malipo ya kiingilio, kambi na mwongozaji yaulizie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mapema, ukiwa bado mjini kwenye benki na mtandao.

Na unga, ongeza wa siku moja zaidi. Ziwa likichafuka siku ya kurudi, utakaa hapo hapo ufukweni na nyani wako mpaka litulie.