Kiwanja karibu na mto Dar: pima mita 60 mwenyewe kabla hujatoa hela

Shemeji yangu alionyeshwa kiwanja upande wa Mto Mpiji kwa bei ya kutupa. Dalali akamwapia kwamba mto uko mbali, na kwamba pale ni karibu na Bagamoyo kwa hiyo "sheria za Dar hazifiki." Tulimaliza Jumamosi tatu tukipima. Ninaandika hapa tulivyofanya, pamoja na pale nilipokosea, ili wewe umalize kwa siku moja.

Hatua ya 1: Ijue sheria yenyewe, siyo ya dalali

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata zisizo za kudumu kama zinaweza kuuharibu ukingo huo. Ni sheria ya nchi nzima. Mpiji ni mpaka wa Dar na Pwani, kwa hiyo ukivuka daraja zinabadilika sheria ndogo za halmashauri, yaani faini, usafi, vibali vya ujenzi na kadhalika. Mita 60 zinabaki zilezile, iwe ni Mpiji, Tegeta, Msimbazi, Ng'ombe, Kizinga au Mzinga.

Korongo linalokauka Agosti na kunguruma Aprili, mimi nalihesabu mto. Ukiambiwa "hilo ni bonde tu," ondoka.

Hatua ya 2: Tafuta pa kuanzia kupima

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili nzima, kwa hiyo nivumilie.

Mara ya kwanza tulienda kiangazi. Maji yalikuwa kijito cha kuruka, mchanga mweupe pande zote. Tukaweka ncha ya futikamba pale maji yalipoishia, tukavuta hadi bikoni ya karibu, yaani alama ya mpaka wa kiwanja: mita 71. Shemeji akafurahi, akaanza kuongelea matofali. Mimi pia nilifurahi, nakiri.

Masika tukarudi. Maji yenyewe tuliyakuta yameshashuka, ila yalikuwa yameacha ushahidi: mstari wa tope kwenye ukuta wa jirani, usawa wa goti, na mifuko ya rambo imening'inia kwenye matawi ya mwembe juu ya kichwa changu. (Ndiyo, rambo zilipigwa marufuku Juni 2019. Mto haujapata barua.) Kutoka kwenye mstari ule wa takataka hadi bikoni ileile tukapata mita 52. Kiwanja kilekile, futikamba ileile.

Sheria inasema ukingo wa mto. Ukingo siyo pale maji yalipo siku uliyoenda. Ninavyofanya mimi: naanzia pale maji ya masika yalipofika juu kabisa, hata kama muuzaji anapiga kelele. Dalili zake ni takataka zilizonasa kwenye matawi na senyenge, tope ukutani, mizizi iliyoachwa wazi, na majani makavu yaliyolala yote upande mmoja. Kisha muulize bibi mwenye genge, siyo dalali. Uliza hivi: "Desemba 2011 maji yalifika wapi?" Mafuriko ya mwezi ule yaliua zaidi ya watu 40 hapa mjini, na wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Mwenyeji wa siku nyingi atakuonyesha kwa kidole.

Sasa jambo la pili: mto unahama. Kwenye kona, maji hukimbia zaidi upande wa nje na kuula ukingo huo, huku upande wa ndani ukijaa mchanga. Kiwanja kikiwa upande wa nje wa kona, mita zako 60 za leo zinaweza kuwa 45 baada ya masika kadhaa. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta. Ni ya bure, na usijisumbue na simu kwa kazi hii. Bonyeza alama ya saa, uburute kurudi nyuma miaka kumi na kitu, chora mstari kufuata ukingo, halafu rudi kwenye picha mpya uone mstari wako umebaki wapi.

Lakini angalia, na hapa ndipo Jumamosi ya pili ilipokwenda. Picha za miaka tofauti hazikai sawasawa juu ya ardhi. Mimi niliona mto "umehama" mita 12, nikamtisha shemeji mpaka akakosa usingizi, kumbe picha nzima ndiyo iliyosogea. Tafuta kitu kisichohama, kwa mfano kona ya paa la shule au msikiti wa zamani, uone kimesogea mita ngapi kati ya picha mbili, na kuelekea wapi. Toa kiasi hicho. Kinachobaki ndicho mto ulichokula. Kwetu zilibaki mita kama 4, na hizo nikaziongeza juu ya 60.

Hatua ya 3: Vuta futikamba

Tumia futikamba ya mita 50 na mtu wa kukushikia. Simu inaweza kukosea mita tano hata mahali pa wazi, na chini ya miembe ni zaidi. Mita tano ndizo zinazobomoa jiko.

Pima usawa, usiilaze futikamba kwenye mteremko. Ukivuta mita 60 kwenye mteremko unaoshuka mita 20, umbali halisi ni mita 56 na nusu tu. Nenda kwa vipande vya mita 10, futikamba imenyooka, timazi ikining'inia upande wa chini. Pima kutoka kila bikoni kwenda sehemu ya mto iliyo karibu nayo zaidi. Kiwanja kilichokaa kwenye kiwiko cha mto kina mto pande mbili.

Hatua ya 4: Ofisini

Serikali ya mtaa ni kwa ajili ya kumjua muuzaji. Muhuri wao hauhamishi mto. Halafu nenda halmashauri, idara ya mipango miji, uombe kuona mchoro wa eneo na namba ya kiwanja. Kama kwenye mchoro ni eneo la wazi au hifadhi ya mto, safari imeishia hapo. Kuna ofisi moja tuliyoambiwa turudi kesho mara nne. Nenda asubuhi.

Hatua ya 5: Kama tayari unaishi ndani ya mita 60

Sitakudanganya kwamba ipo karatasi ya kukusafisha. Wanaokumbuka alama nyekundu za X zilizochorwa kwenye nyumba za kubomolewa, Desemba 2015, wanajua. Ila kuna mambo ya kufanya na ya kuacha.

Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuna atakayekuuliza. Ukifunga mota kumwagilia bustani ya biashara, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na kwa mito ya Dar hiyo ni Wami/Ruvu. Kutiririsha maji ya gereji, ya kuoshea magari au ya kiwandani kunahitaji kibali kingine. Mboga mbichi za kumwagiliwa na maji ya Msimbazi mimi sili, hilo ni langu.

Kutapisha choo mvua ikinyesha: acha. Najua gari la majitaka ni ghali na halifiki kila uchochoro. Panga na majirani watatu mtoe siku moja, kiangazi.

Usimwage kifusi ukingoni wala usipange viroba vya mchanga upande wako peke yako, maji yatamfuata wa ng'ambo na mwakani naye atapanga vyake. Panda matete, mianzi au nyasi za vetiva, mwanzo wa mvua, kwa mistari inayofuata ukingo. Na wanaokuja na tipa kuchota mchanga chini ya uzio wako, wazuie siku ya kwanza kupitia mwenyekiti wa mtaa. Sakafu ya mto ikishuka, ukingo unakosa pa kuegemea na unakatika kama mkate.

Shemeji hakununua. Kilinunuliwa na mtu mwingine wiki iliyofuata. Juzi tumepita, ameshamwaga mawe ya msingi. Tumemwachia jirani yake namba yetu na futikamba.