Jinsi ya kujua jeni za vipokezi vya foleti zimewashwa wapi mwilini

Mama mjamzito akienda kliniki hapa Kisumu hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, na akirudi nyumbani mboga ni osuga, kunde au mlenda. Foleti (vitamini B9, ambayo asidi ya foliki ni aina yake) ikishaingia kwenye damu bado haijafika. Lazima ipokelewe na seli, na seli hazina mlango mmoja. Wanafunzi ninaowafundisha kuchambua data za jeni huniuliza mlango upi uko wapi. Jibu liko mtandaoni bure; laptopu na bando vinatosha. Ila nimeona mchoro uleule ukisomwa vibaya mara nyingi mno, ndiyo maana naandika hatua hizi.

Hatua ya 1: Panga majina

Andika kwenye daftari FOLR1, FOLR2 na FOLR3. Zote tatu zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 11. Protini za FOLR1 na FOLR2 hushikizwa juu ya utando wa seli kwa nanga ya mafuta. Ya FOLR3 haina nanga hiyo, hivyo hutolewa nje ya seli. Makala za zamani zitakutajia pia FOLR4. Iache. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba protini yake, Juno, hukaa juu ya yai na kulipokelea mbegu ya kiume, na foleti haiishiki. Siku hizi jeni hiyo inaitwa IZUMO1R.

Ongeza SLC46A1 na SLC19A1. Hizi si vipokezi bali visafirishi, yaani huivusha foleti kupitia utando wa seli, lakini utazihitaji.

Hatua ya 2: Fungua GTEx, uhesabu sampuli kwanza

GTEx ni mradi wa Marekani uliopima RNA, yaani nakala ambazo jeni iliyowashwa hutoa, katika tishu za watu wazima waliofariki. Toleo la 8 lina sampuli 17,382 kutoka kwa watu 948. Andika FOLR1 kwenye kisanduku cha kutafutia. Utaletewa mchoro wenye sanduku moja kwa kila tishu. Kipimo chake ni TPM, yaani katika kila molekuli milioni moja za RNA, ngapi ni za jeni yako. Badilisha mizani iwe ya logi, la sivyo tishu yenye kiwango kikubwa itazifunika nyingine.

Kabla hujafurahia sanduku lolote, tazama idadi ya sampuli. Katika toleo la 8, mrija wa falopio una 9. Sehemu ya ndani ya figo ina 4, na juu ya sampuli nne mimi sijengi hoja.

Wengi hushangaa FOLR1 kuwa chini kwenye utumbo mdogo, mahali chakula kinapofyonzwa. Tafuta sasa SLC46A1. Kazi ya utumboni ni yake, na mtoto aliyerithi nakala mbili mbovu za jeni hiyo hawezi kufyonza foleti ya chakula inavyopaswa.

Hatua ya 3: Uliza tishu gani haikupimwa

Hapa nakuomba utulie. Mwanafunzi mmoja aliniletea pendekezo la utafiti lililosema FOLR1 haifanyi kazi kwenye kondo la nyuma, na kwamba ubongoni karibu haipo. Hakuwa mzembe, mchoro aliusoma sanduku kwa sanduku. Lakini GTEx haina kondo la nyuma kabisa. Ubongo umo, tena sehemu 13, ila pleksasi ya koroidi, ile tishu inayotengeneza maji ya ubongo, haimo. Na hapo ndipo FOLR1 inapofanya kazi kubwa: inaichukua foleti kutoka kwenye damu na kuivusha hadi kwenye maji hayo.

Mwaka 2009 ilielezwa habari ya watoto ambao nakala zao zote mbili za FOLR1 ni mbovu. Huzaliwa wazima. Baadaye, utotoni, huanza kupoteza kutembea na kuongea, na kifafa kinaingia. Hutibiwa kwa asidi ya foliniki, aina nyingine ya foleti inayoweza kupitia mlango wa SLC19A1. Mfikirie mtoto huyo, kisha jaribu kuandika kwamba jeni hiyo haina kazi ubongoni.

Mimba changa nayo haimo. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na data ya watu wazima haiwezi kukueleza kilichokuwa kimewashwa siku hizo.

Hatua ya 4: Shuka hadi kwenye seli

Nenda Human Protein Atlas, kazi ya Wasweden. Humo kuna picha za vipande vya tishu: rangi ya kahawia ni mahali kingamwili (protini inayotumika kuitafuta ile unayoitaka) ilipoinasa protini, buluu ni viini vya seli. Kwenye figo, tafuta kahawia kwenye ukingo wa ndani wa vijirija, upande mkojo unakopita. Hapo FOLR1 huokoa foleti isipotee. Kondo la nyuma lina FOLR1 na FOLR2, lakini si seli zilezile: ya kwanza iko kwenye tabaka linaloogeshwa na damu ya mama, ya pili kwenye makrofeji (seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu) za ndani ziitwazo seli za Hofbauer.

Makrofeji ziko karibu kila kiungo, kwa hiyo FOLR2 itakutokea kila mahali kidogokidogo. FOLR3 ni ya neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Mtu akiwa na maambukizi, neutrofili zake huongezeka na kipimo cha FOLR3 kwenye damu kinapanda, hata kama hakuna seli moja iliyoongeza kasi ya kuitengeneza.

Hatua ya 5: Andika ulichoona

Taja toleo, tarehe uliyofungua tovuti na idadi ya sampuli. Sentensi ya yule mwanafunzi tuliiandika upya hivi: “Katika GTEx toleo la 8, kondo la nyuma na pleksasi ya koroidi havikupimwa, kwa tishu hizo tumetumia picha za protini.”