Kupima presha na sukari nyumbani, ukiwa Mtwara au Lindi

Kabla ya kununua mashine ya presha, azima tepu ya fundi cherehani ujipime mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja kwenye boksi ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 35 ukifungwa mkanda huo, mashine itasoma juu kuliko presha yenyewe ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Ulizia mkanda wa 32 hadi 42. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziache, kwa kuwa kuziweka usawa wa moyo ni kazi.

Pima asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa, ukishakwenda haja ndogo, kisha jioni. Nusu saa kabla usivute sigara wala kunywa kahawa. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo. Kigoda na mkeka havifai: mgongo hauna pa kuegemea, mkono unaning'inia chini ya usawa wa moyo, namba inapanda bure. Nyayo zote zikanyage chini, usikunje nne. Laza mkono mezani. Meza ikiwa fupi, weka mto. Mkanda ukae kwenye ngozi, sentimita 2 juu ya kiwiko, vidole viwili viweze kupenya. Mtu akipiga hodi, usimwitikie, kwani hata kuongea kunapandisha presha.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha baki na ule uliosoma juu zaidi. Kila kikao pima mara 2, ukiachanisha dakika moja. Fanya hivyo siku 7: utapata vipimo 28. Vya siku ya kwanza vitupe, 24 vilivyobaki jumlisha ugawe kwa 24, namba za juu peke yake na za chini peke yake. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, nenda kliniki. Ukiona 180 kwa 120, subiri dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, na kifua kinauma, pumzi inabana, ulimi mzito, macho yana ukungu au upande mmoja umelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Bila dalili, muone mtaalamu siku hiyo hiyo. Usijiongezee vidonge.

Kwenye sukari, adui mkubwa wa pwani yetu ni unyevunyevu. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, mbali na jiko, na visiachwe kwenye boksi la bodaboda juani. Msimu wa korosho kuna mtego mwingine: ukimenya bibo kisha ukajitoboa kidole, utapima sukari ya bibo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo utoboe pembeni ya ncha ya kidole. Angalia pia kipimo kinasoma kizio gani: mmol/L 1 ni sawa na mg/dL 18, kwa hiyo 7 ya mmol/L ni 126 ya mg/dL.

Programu ya simu inayopokea namba kwa bluetooth ni nzuri, ila sahihisha kwanza tarehe na saa za mashine, la sivyo vipimo vya jioni vitasomeka vya alfajiri. Baba na mama wakitumia mashine moja, kila mmoja awe na nafasi yake ya mtumiaji, maana namba zikichanganyika hakuna wa kuzitenganisha. Programu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera, ifute. Na daftari lisikosekane. Simu huibwa, huzama baharini.

Siku ya kliniki, iwe hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), beba daftari pamoja na mashine yenyewe, muuguzi apime kwa yake kisha kwa yako, mkono ule ule.