Somo: Ujumbe mfupi wa simu kwa akina mama wanaotumia dawa za VVU

Somo hili limeandikwa kwa wauguzi na washauri wa kliniki wanaotaka kuwafuatilia wanawake kwa simu kati ya siku moja ya kliniki na nyingine. Msingi wake ni utafiti wa WelTel uliofanyika katika kliniki 3 za Nairobi na Kajiado na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa, wengi wao wanawake, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likawa linapokea kila wiki salamu ya “Mambo?”, ambayo mhusika aliijibu kwa “Sawa” au “Shida” katika muda wa saa 48. Baada ya mwaka, waliomeza dawa ipasavyo katika kundi hilo walikuwa asilimia 62, na kwa wenzao asilimia 50. Waliofubaza virusi, yaani ambao virusi katika damu yao vilishuka mno, walikuwa asilimia 57 kwa 48. Tofauti hiyo si kubwa ajabu, lakini gharama yake ni ndogo mno.

Hatua ya kwanza: jueni simu ni ya nani. Kabla ya kuandika namba, mketishe mama faraghani umuulize nani mwingine huishika simu hiyo, kama ina namba ya siri, na nani nyumbani anajua hali yake. Akisema mume hajui, usimshinikize. Panga naye muungojee wakati wake, na ikibidi usimtumie ujumbe kabisa. Ridhaa iandikwe, na aambiwe wazi kwamba anaweza kujitoa bila kunyimwa huduma.

Hatua ya pili: chagueni maneno pamoja. Ujumbe usitaje dawa, kliniki, virusi wala tarehe ya kurudi. Salamu ambayo rafiki yeyote angeituma inatosha, na jina la mtumaji alihifadhi mwenyewe atakavyo. Kubalianeni pia muuguzi atajitambulishaje iwapo simu itapokewa na mtu mwingine, kwa kuwa siri nyingi huvuja hapo, katika sekunde chache za “wewe ni nani?”, kuliko katika ujumbe wenyewe.

Hatua ya tatu: tumeni mara moja kwa wiki, siku ile ile. Katika utafiti wa Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, waliokumbushwa kila wiki walimeza dawa vizuri zaidi ya wasiokumbushwa, ilhali waliokumbushwa kila siku hawakupata nafuu hiyo. Mtu akiulizwa jambo lile lile kila siku huacha kulisoma.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kazi yenyewe: pigeni simu. Anayejibu “Shida” apigiwe siku hiyo hiyo. Asiyejibu katika saa 48 apigiwe vilevile. Kliniki isiyo na mtu wa kupiga simu hizo isianze mpango huu, kwa sababu mama aliyeomba msaada akanyamaziwa atajifunza kujibu “Sawa” daima. “Shida” huwa na sura nyingi: kichefuchefu, nauli, msiba uliomweka ugenini hadi vidonge vikaisha, mume aliyekuta kopo la dawa. Mjamzito anayetumia dawa yenye dolutegravir aulizwe pia vidonge vya damu anavimeza saa ngapi, maana madini ya chuma huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri: ameze vyote viwili kwa wakati mmoja pamoja na chakula, au dolutegravir itangulie kwa saa 2, ama ifuate baada ya saa 6. Anayepigwa au kutishiwa aelekezwe kwenye namba ya bure 1195 ya msaada wa ukatili wa kijinsia nchini Kenya, na mazungumzo ya vidonge yasubiri.

Hatua ya tano: tunzeni simu na daftari. Simu iwe ya kliniki, yenye namba ya siri, na badala ya majina ziandikwe namba za faili. Kila mama ajapo athibitishe kama laini yake ni ile ile.

MASWALI YA WAUGUZI NA WASHAURI

Swali: Wengi hawana salio la kujibu. Tufanyeje?
Jibu: Mkubaliane kwamba kubipu mara moja ni sawa na “Shida”, nanyi mpige. Gharama ya kuzungumza isiwe juu ya mama.

Swali: Je, tuunde kundi la WhatsApp ili kuokoa muda?
Jibu: La hasha, si kwa kazi hii. Ndani ya kundi kila mmoja huona namba za wenzake, na aliyeongezwa bila kuulizwa amekwisha kutangazwa.

Swali: Mama asiyejua kusoma, au anayetumia simu ya jirani?
Jibu: Asiyesoma apigiwe kwa saa anayoitaja yeye. Simu ya jirani isitumike hata kidogo, isipokuwa jirani huyo ndiye mtu ambaye mama mwenyewe amemchagua kuwa msaidizi wake wa matibabu.

Swali: Akisema amesahau kidonge cha jana usiku, tumjibu nini?
Jibu: Ameze mara akumbukapo, na kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, aache kilichosahaulika na ameze hicho kimoja tu. Asimeze viwili kwa pamoja.

Swali: Mama mmoja hujibu “Sawa” kila wiki, lakini kipimo kinaonyesha virusi vimepanda. Mpango umeshindwa?
Jibu: “Sawa” ni salamu, si kipimo. Utafiti mwingine wa Kenya kwa wajawazito na wanaonyonyesha, uliochapishwa mwaka 2021, haukuona ujumbe ukiongeza idadi ya waliofubaza virusi, kwa hiyo usiuchukue kuwa mbadala wa maabara. Mwite, zungumza naye bila kumsuta, mpe ushauri wa kina wa umezaji wa dawa, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Kikibaki juu, daktari aangalie kama dawa yenyewe inahitaji kubadilishwa.