Kitasa cha Umeme cha Mlango wa Gari Kinapogoma: Namna ya Kukitengeneza Nyumbani

Mlango wa gari unapokataa kujifunga kwa rimoti, wengi wetu hapa Kampala hukimbilia maduka ya vipuri ya Kisekka au Ndeeba kununua mota ya kitasa, huifunga, kisha hukuta mlango umebaki vilevile. Umeme wa kitasa hupita njia ndefu, kwani hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi, rilei na swichi ya dereva, kisha huingia mlangoni kwa nyaya zinazopinda kila mlango unapofunguliwa, na unaweza kukatika popote kabla ya kuifikia mota. Ndiyo maana inafaa kujua ulipokatikia kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Anza kwa kuketi ndani ya gari, uzime injini na redio, ubonyeze swichi ya kufunga iliyo upande wa dereva na usikilize ni milango ipi inayoitika. Ikiwa swichi inafanya kazi lakini rimoti haifanyi, badilisha betri ya rimoti, ambayo mara nyingi ni CR2032 au CR2016. Namba imeandikwa juu ya betri yenyewe. Milango yote ikinyamaza, angalia fyuzi kwa kufuata mchoro ulio kwenye mfuniko wa kasha lake, na ikiwa imeungua weka nyingine ya ampea zilezile, wala usithubutu kuweka kubwa zaidi au kipande cha waya. Ukigoma mlango mmoja tu, kwa kawaida fyuzi haina kosa. Na mlango wa nyuma unaofunguka kwa nje lakini si kwa ndani huenda hauna hitilafu yoyote: tazama ukingoni mwake uone kama kile kitufe cha kuwazuia watoto kimesogezwa.

Ukisikia mota ikinguruma au ikigonga bila kitasa kusogea, shuku uchafu kwanza. Vumbi jekundu la barabara za murramu huchanganyika na grisi ya zamani likawa udongo mgumu ndani ya komeo. Fungua mlango, sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, kisha funga na kufungua kwa swichi huku ukiutazama. Ukienda kwa uzito, upulizie WD-40, uufanyishe kazi mara kadhaa, ufute tope linalotoka, kisha upake grisi nyeupe, kwa sababu WD-40 peke yake husafisha vizuri lakini haidumu kama kilainishi. Kabla ya kufunga mlango, vuta mkono wake ili ulimi urudi, la sivyo utaligongesha komeo kwenye chuma cha nguzo ya gari.

Mlango ulio kimya kabisa ni habari nyingine, na hapo mimi huanzia kwenye mpira wa kupitishia nyaya, ulio kati ya mlango na nguzo karibu na bawaba. Vuta ncha moja ya mpira huo polepole hadi itoke kwenye tundu lake, kisha pinda nyaya moja moja kwa vidole. Waya uliokatika mara nyingi huonekana mzima kwa nje kwa kuwa ganda la plastiki bado limeshikana, lakini ukiuvuta kidogo unarefuka kama mpira, na ukichubua ganda unakuta shaba imegeuka kijani. Mlango wa dereva ndio unaoumia zaidi, maana ndio unaofunguliwa kuliko yote. Zima umeme kabla ya kuunga, ongeza kipande kifupi cha waya wa unene uleule, ulehemu kwa risasi na uufunike vizuri; kusokota na kuzungushia solotepu hakudumu mahali panapopinda kila siku.

Nyaya zikiwa nzima, ondoa paneli ya mlango. Tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio cha ndani na chini ya sehemu ya kuvutia mlango, kisha chomoa klipu za pembeni kwa kifaa cha plastiki. Vitabu vingi hushauri kukata betri kwanza, na kwa gari lenye mfuko wa hewa mlangoni ushauri huo haupuuzwi. Ila ujue kwamba redio nyingi za skrini zilizokuja na Toyota kutoka Japani hudai namba ya siri umeme ukirudi.

Bandua karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya paneli bila kuichana, rudisha umeme, chomoa soketi ya kitasa na uunganishe taa ya kupimia kwenye nyaya mbili za mota huku mwenzako akibonyeza swichi. Umeme huja kwa muda usiofika sekunde moja, kwa hiyo taa hufaa kuliko mita ya namba, ambayo huchelewa kusoma. Taa ikimweka, umeme unafika, na mota ndiyo iliyokufa. Isipomweka, rudi kwenye nyaya na swichi.

Nenda dukani na kitasa kibovu mkononi, kwa sababu cha kushoto hakikai kulia, na katika mifumo mingi iliyofungwa baadaye na mafundi, kitasa cha dereva kina nyaya tano ilhali vingine vina mbili. Ukinunua mota ndogo peke yake, linganisha urefu wa mhimili na meno ya gia. Kabla ya kulipa, iguse kwa nukta moja kwenye betri ya bodaboda ya volti 12, kisha ugeuze nyaya: izunguke huku na huku.

Rudisha ile nailoni na gundi yake yote, maana mvua ikinyesha maji hupenya kando ya kioo na nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani ya gari. Jaribu kitasa mara kadhaa kabla ya kubana paneli, kioo kikiwa chini na ufunguo ukiwa mfukoni mwako.