Mchango wa kumkumbuka mwanajeshi: panga kwa kalenda ya karo

Mwanajeshi akifa kazini, wiki ya kwanza pesa huja zenyewe: hema linapatikana, basi la kwenda mashambani linalipwa, ng'ombe anachinjwa. Ikifika Mei, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na kundi la WhatsApp la mazishi lilishanyamaza zamani. Mchango wa kumbukumbu uanze mazishi yakiisha.

Kwanza, familia. Mara nyingi mjane yuko Nairobi na wazazi wa marehemu wako mashambani, na kila upande una watu wake wanaochangisha. Namba mbili zikianza kuzunguka, wachangiaji hushuku na kukaa kimya. Kamati iwe ndogo, watu watano wanatosha: mjane mwenyewe au mtu atakayemchagua, mmoja wa upande wa wazazi, na watatu waliofanya kazi au kuishi na marehemu. Andikeni kwa sentensi moja pesa ni za nini, kwa mfano karo ya watoto wawili mpaka wamalize sekondari. Mkiandika "kusaidia familia", mtagombana kabla ya mwaka kuisha.

Msitumie laini ya simu ya mweka hazina. Akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na pesa zote huonekana kuwa zake. Akifa au akikosana nanyi, mmekwama. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa pesa, kisha watu walipe kwa paybill (namba ya kulipia kupitia M-Pesa) ya benki hiyo. Mkitaka kupita na mikebe barabarani au sokoni, huo ni mchango wa hadhara na sheria inataka kibali. Anzieni kwa chifu au naibu kamishna wa kaunti.

Hesabu sasa. Shule za sekondari za serikali hugawa karo asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Karo ikiwa 50,000, Januari inadai 25,000, halafu 15,000, halafu 10,000. Watu 30 wakitoa 200 kila mwezi, mwaka unaleta 72,000. Lakini wengine wataacha, huo ndio ukweli wa mchango wowote. Wakiacha watano tangu mwanzo, bado mna 60,000, yaani karo pamoja na sare na nauli. Mkianza kukusanya Januari mmechelewa. Anzeni Julai, Januari iwakute na miezi sita mkononi. Lipeni moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na risiti ipigwe picha na kutumwa kwa wachangiaji siku hiyo hiyo, jina la mtoto na la shule yakiwa yamefunikwa.

Kuna msaada mwingine ambao watu husahau: makaratasi. Mafao hukwama kwa kukosa cheti cha ndoa au cha kuzaliwa cha mtoto. Kesi ya mirathi nayo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kusubiri siku 30 za pingamizi. Nauli na ada za safari hizo zinastahili fungu lake.

Siku ya kumbukumbu ndiyo ya kuwaamsha waliolegea. Oktoba 14, Siku ya KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya), inawafaa wengi. Januari 15, siku ya shambulio la kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, mwaka 2016, inaangukia karibu na ufunguzi wa shule. Wanaotaka kuwakumbuka wa zamani wana makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, na sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, mojawapo ikiwa ya mpagazi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya 1914–1918, wengi bila kaburi lenye jina, ila mtaa wa Kariokor bado unabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Maua yanapatikana City Market. Yavueni karatasi ya nailoni kabla ya kuyaweka, kwani mvua za vuli hujaa humo na waridi huoza upesi. Picha za marehemu akiwa na sare msizitume mitandaoni bila ruhusa ya mjane. Matapeli huzichukua na kuzibandika namba zao.